Pipa la Kompadre Odilón

Nabor Aquino hakuwahi kunywa kitu bila kukituhumu kwanza. Ukimpa kibuyu cha mezkali, ile pombe kali ya mkonge, hakimbilii kukitia mdomoni. Atakitazama, kisha atakutazama wewe uliyempa, kisha atakinusa, na usishangae akikunusa na wewe.

Pale San Telmo tabia hiyo ilikuwa kama mali ya kijiji kizima. Mtu akiwa na harusi, matanga au sikukuu ya mtakatifu wake, anamwita Don Nabor. Naye anakuja na mwanzi wake na kibuyu chake, maana vya watu haviamini. Anaivuta mezkali ndani ya mwanzi kwa pumzi, anaiachia ianguke kibuyuni kutoka juu, halafu anainama kuangalia lulu, yaani vile viputo vidogo vinavyojipanga ukingoni. Lulu zikikaa, mezkali ina nguvu yake. Zikipasuka upesi, kuna mkono wa mtu na ndoo ya maji. Baada ya hapo anasugua tone viganjani mpaka likauke, ananusa. Likitoa harufu ya mkonge uliookwa, basi vizuri, watu wanywe. Likitoa harufu nyingine yoyote, Nabor anavua kofia na kukifunika kibuyu, na muuzaji mwenyewe anajua kumpakia punda wake mzigo na kuondoka. Kwa njia hiyo aliwakamata waliotia sukari, na hata yule aliyeharakisha chachu kwa mbolea ya mahindi.

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake aliwahi kumuuzia mezkali ya msimu mzima tajiri mmoja wa mjini, aliyeisifu kutwa nzima. Miezi ikapita, mzee akaenda kwenye matanga, akanywa kitu chepesi kisicho na mbele wala nyuma, akauliza kwa dharau kimepikwa na nani. Akaambiwa: ni yako wewe, imepitia kwa tajiri na ndoo yake. Nabor alikuwa kijana mdogo, amesimama pembeni, na uso wa baba yake wa siku ile hakuusahau tena.

Tatizo ni kwamba hata watu aliwapima vivyo hivyo. Mkewe Zenaida alikuwa akimwambia, "Wewe baba Elodia, ungekuwepo Kana siku Bwana alipogeuza maji kuwa divai, ungeuliza kwanza hayo maji yametoka kisima gani."

"Si ni swali la haki?" Nabor hujibu.

Mtu mmoja tu alivuka uchunguzi wote huo: Odilón, aliyemshika binti yake Elodia siku ya ubatizo. Tangu siku ile wakaitana kompadre, na kompadre si mtu wa kumtania ovyo. Odilón alikwenda Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, akaezeka mapaa ya watu miaka mingi, mpaka siku alipopanda juu akiwa amelewa na kushuka bila ngazi. Alirudi nyumbani anachechemea, akaenda moja kwa moja kanisani, akaapa mbele ya Bikira kwamba hatagusa kileo mpaka sikukuu Yake ipite mara mbili. Na nyuma ya gari lake alikuwa na pipa la mwaloni, alilolinunua njiani kwa mtu aliyekuwa akifunga kiwanda chake.

"Kompadre," alisema, "hii ndiyo zawadi yangu kwa Elodia. Tutie mezkali yako humu, ikae mpaka harusi. Itatoka ina rangi ya dhahabu. Kule mjini matajiri wanainywa kwa vijiko."

"Mezkali haina rangi," Nabor akasema. "Ikiwa na rangi, imefanywa kitu."

San Telmo watu hawakujua mapipa. Mezkali waliiweka kwenye machupa makubwa ya kioo, yaliyozibwa kwa gunzi la hindi, na ulichokiacha ndicho ulichokikuta, hata miaka ipite. Lakini Elodia alishamkumbatia baba yake wa ubatizo na kusema ndiyo. Nabor akatoa iliyo bora kuliko zote, iliyookwa kwenye tanuri lake mwenyewe la mawe. Wakalijaza pipa, wakaliweka chumbani kwa Odilón, maana ndicho chenye kuta nene za udongo na kivuli, na Odilón akatandika kitanda chake pembeni. Nabor akaziba kizibo kwa nta na kuigandamiza kwa medali yake ya shingoni, kisha akachonga alama kwenye mwanzi kuonyesha kina kilipofika.

"Mlevi aliyeapa, analala ubavuni mwa pipa," alimwambia Zenaida njiani. "Hata mbwa huwezi kumjaribu hivyo."

"Ni kompadre wako."

"Ndiyo maana nimetumia nta nyingi."

Ilipofika Kwaresima akaenda kukagua. Nta ilikuwa nzima, alama ya medali imetulia pale pale. Akaibandua, akatumbukiza mwanzi. Mezkali ilikuwa imeshuka vidole vinne chini ya alama.

Aliziba upya, akauliza habari za mguu, akaaga. Lakini tangu siku hiyo akaanza kumtazama Odilón kama anavyotazama lulu. Jumapili alikaa benchi la nyuma yake makusudi, na watu walipoinuka kusali, ikaja: harufu ya mezkali, kwenye shati, kwenye nywele. Wala si yeye peke yake aliyeinusa. Mama Cleofas, muuza tamale, mikate ya mahindi, wa pale mlangoni, alikunja pua na kukonyeza.

"Don Nabor, kiapo kimevuja?"

"Mimi sijasema kitu."

"Wewe husemi. Pua yako ndiyo inasema."

Mara ya pili alipokwenda kukagua, alilizunguka pipa lote kwa vidole, akakuta kijiti kidogo kimepigiliwa ubaoni, chini, mahali ambapo mtu akilala anaweza kukifikia kwa mkono.

"Na hiki?"

"Kilikuja hivyo hivyo," Odilón akajibu, anashona ndara yake, hata kichwa hakuinua.

Nabor alitembea na jibu hilo miezi yote ya mvua. Akilima nalo, akila nalo. Kilikuja hivyo hivyo! Mtu mwenye haki angeinua kichwa. Au mtu mwenye haki hana sababu ya kuinua kichwa? Zenaida akimwita mezani mara mbili ndipo anasikia.

Wiki ya harusi ikafika. Siku ya kuonja, mkwe mtarajiwa Don Heladio, baba wa bwana harusi, alikuja na jamaa zake, wakajaa chumbani kwa Odilón na uani. Odilón alikuwa amenyoa, amevaa shati jipya. Nabor akabandua nta, akatumbukiza mwanzi, akautoa na kuutazama. Kutoka kwenye alama mpaka palipolowa palikuwa shubiri nzima.

Akaugeuza mwanzi, na mezkali aliyokuwa ameivuta akairudisha pipani bila kuionja.

"Kompadre," akasema, "nipulizie."

"Nikupulizie nini?"

"Pumzi. Hapa puani."

Odilón alicheka. Wengine nao wakacheka kidogo. Kisha akaona macho ya Nabor, na kicheko kikamkauka.

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Shubiri nzima, kompadre. Nta haijaguswa. Kuna kijiti pale chini, na wewe unanuka mezkali mpaka altareni. Kama kuna mtu mwingine alikuwa analala humu, mtaje."

"Nimeapa mbele ya Bikira," Odilón alisema taratibu. "Siendi kuapa tena mbele ya pua yako." Akachukua kofia yake, akaweka ufunguo wa chumba juu ya pipa. "Tafuteni mwingine wa kumsindikiza Elodia kanisani." Akachechemea kuelekea kwa dada yake, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Don Heladio alikohoa, akasema wataonja siku nyingine. Alibaki Elodia peke yake, macho mekundu.

"Miaka yote hii hujawahi kumfukuza muuzaji bila kuonja mali yake," alimwambia baba yake. "Leo umemfukuza baba yangu wa ubatizo, na hata tone hujaweka ulimini. Mimi siendi kanisani bila yeye. Mwambie Don Heladio hivyo, au nitamwambia mwenyewe."

Sasa wewe unayenisikiliza, ungedhani Nabor angeonja hapo hapo. Wapi! Alitaka tundu kwanza. Kesho yake asubuhi alijifungia chumbani na pipa. Alikichomoa kile kijiti: kifupi, kikavu, hakikufika hata nusu ya unene wa ubao. Alilipapasa pipa ubao kwa ubao, akaliegemea, akatega pua kwenye kila ungio, akalifuta kwa shati lake akitafuta unyevu. Hakukuwa na tone wala doa sakafuni. Jua lilipopanda na njaa kumbana, akarudi nyumbani kula, na hasira juu.

Zenaida alikuwa jikoni akigeuza tortila, chapati za mahindi. Aliinua kichwa kabla hata mumewe hajavuka kizingiti.

"Umelewa."

"Sijaonja kitu tangu nimeamka."

"Baba Elodia, nimeishi na mezkali tangu nizaliwe. Mtoto anataka kuvunja harusi, na wewe asubuhi yote hii umo ndani ya pipa!"

"Nakuapia..."

"Ndiyo, mnaapa nyote. Hebu nipulizie."

Nabor alishika kola ya shati lake, akaivuta puani. Alisimama hivyo muda mrefu, shati usoni, tortila ikaungua.

"Chakula?" Zenaida aliuliza.

Alikuwa ameshafika njiani.

Safari hii alivuta mwanzi vizuri, akaiachia mezkali ianguke kibuyuni. Ilikuwa na rangi ya asali mbichi, na alichukia kwamba ilimpendeza. Akainama. Lulu zilijipanga ukingoni, nene, zikakaa. Alijua zilikaa kiasi gani siku aliyoziba nta, maana hizo lulu zilikuwa zake. Hizi zilikaa zaidi. Hakuyaamini macho yake, akarudia, akarudia tena.

Mwizi akichota na kujazia maji, lulu zinakufa upesi. Akichota bila kujazia, zinabaki vile vile. Lakini hii imepungua na imezidi ukali! Ni mwizi gani huyo, anayeiba maji na kukuachia mezkali?

Akasugua tone viganjani. Mkonge uliookwa ulikuwepo, haujaondoka, umevaa tu kitu kingine juu yake. Ndipo akanywa. Moshi ulikuja kwanza, moshi wake, wa kuni zake. Nyuma yake sukari guru, karafuu, na uchungu mdogo kama wa ganda la chungwa. Akaishikilia kinywani akisubiri uongo utokeze. Akasubiri. Alipomeza, ule moshi ukarudi tena peke yake, mpole, kama mtu aliyesahau kuaga.

Akaweka kiganja kwenye ubao wa pipa, akakinusa. Halafu akakitazama kitanda cha Odilón, kilichotandikwa karibu kabisa, blanketi limekunjwa.

Alimkuta kwa dada yake, anapukuchua mahindi.

"Umekuja kunipima?" Odilón akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja unipime." Nabor akapiga magoti mbele yake, akampulizia usoni.

"Umelewa, kompadre."

"Sasa nimelewa. Asubuhi nilinuka hivi hivi, na nilikuwa sijanywa. Ni mbao. Mbao zinapumua, zinakunywa maji na kutuachia kali. Na wewe mwaka mzima umelala chini ya pumzi yao."

Odilón aliacha mahindi.

"Kwa hiyo ndiyo maana padre ananipa Komunyo huku amegeuza uso? Mimi nikadhani ni jasho. Nimenunua sabuni, Nabor. Sabuni ya gharama!"

Hakuna aliyecheka, ingawa dada yake alijificha nyuma ya mlango.

"Ulinichafua mbele ya watu," Odilón akasema. "Nioshe mbele ya watu. Na uanze na yule Cleofas."

Basi siku mbili kabla ya harusi, Mama Cleofas aliombwa akamenye vitunguu saumu chumbani kwa Odilón, ubavuni mwa pipa, kwa sababu eti kuna kivuli. Alimenya kutwa. Jioni mumewe alikuja kumchukua, akamnusa, akapiga kelele uani mbele ya wapishi wote na Don Heladio. Hapo Nabor akavua kofia, akaeleza kosa lake kwa sauti, tangu vidole vinne mpaka shubiri, hakuficha kitu.

Jumamosi Odilón alimsindikiza Elodia kanisani akichechemea, na kwenye karamu walimpa kibuyu cha kwanza, maana pipa lilitoka kwake. Alikinusa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha, kama aliyeapa anavyofanya, hakuimwagia ardhi tone lake la desturi tu, aliimwagia yote.

Nabor alikuwa akizungumza na mkwewe. Alimshika bega kumwomba asubiri kidogo, akainama kama anayetafuta kitu alichodondosha, na kugusa udongo kwa kidole pale kompadre wake alipomwaga.

Ulikuwa umelowa.