Maharagwe Yasiyo na Dawa

Mama alikuwa na maharagwe ambayo sijayaona kwingine. Ni ya kutambaa, meupe yenye madoa ya zambarau, na alipewa na mama yake alipoolewa. Nimeyatafuta soko zima la Karatina, gunia kwa gunia, mpaka wauzaji wakaanza kunicheka. Majirani waliokuwa nayo waliyaacha zamani kwa sababu yanachelewa kukomaa, wakahamia mbegu ya dukani. Mama alikataa. Alikuwa mkaidi, na ukaidi huo nimeurithi. Shambani hakutia chochote ila samadi, na mbegu aliihifadhi kwenye debe, ameichanganya na jivu la jikoni ili wadudu wasiiguse.

Mwaka huu alilazwa hospitalini Nyeri kabla ya kupanda. Mimi naishi Skuta, mtaa wa hapo hapo Nyeri, kwa hiyo nilikuwa naye kila jioni. Maumivu hakuyataja. Alitaja debe.

"Mvua ikianza, panda," aliniambia. "Na usiweke dawa. Ikipotea kwako, imeisha."

Nikaahidi. Alifariki mvua ikiwa bado.

Siku iliyofuata nilishinda mjini nikihangaikia jeneza na mochari. Nilipofika kwa mama, uani kulikuwa kumejaa watu waliokuja kwa maombi, na shangazi yangu na akina mama wa kanisa walikuwa wakigawa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Walikuwa wameacha kazi zao kuja kutupikia, siwezi kuwalaumu hata nikitaka. Nilipewa sahani. Nikaona yale madoa, yamefifia kwa kuchemka.

Nikamuuliza shangazi maharagwe yametoka wapi.

"Kwa chumba ya mama yako, chini ya kitanda," akasema. "Mwanzo nilidhani ni mbegu, lakini nikaona haina dawa. Ilikuwa tu na jivu, tukaosha."

Mbegu ya dukani hupakwa dawa nyekundu, na kila mtu anajua haipikwi. Ya mama haikuwa na cha kuilinda na watu wema.

Nilienda jikoni nikalipindua debe. Nikapapasa jivu lote kwa vidole, sikupata hata punje. Hapo nikalia kuliko nilivyolia hospitalini. Wakaja kunishika mabega, wakisema nimlilie mama yangu nisijizuie.

Baadaye nilirudi kuketi na wenzangu, nikala. Yalikuwa matamu, laini, na kila mtu aliyasifu. Shangazi akapita na sufuria, akaniuliza kama aniongeze. Nikamnyoshea sahani.