Kwamboka wa Nyumba ya Pili

Nyakerario hakuwa mtu wa makelele, lakini ukitaka kumsikia akijisifu, ungemwuliza juu ya ule mstari wake mmoja. Mstari mmoja wa programu, alama kumi na nne tu, na kazi iliyokuwa ikiwakalisha kituoni wakipiga miayo ikawa inaisha kabla hujameza mate.

Kituo chenyewe ni redio ndogo ya Ekegusii, lugha ya Wagusii, vyumba viwili juu ya duka la mbolea mjini Nyamira. Watu huifungulia saa saba mchana kwa jambo moja: matangazo ya vifo. Na matangazo ya huku, jamani, si ya mchezo. Marehemu hatangazwi peke yake. Atatajwa kuwa mume wa nani na nani, baba yao fulani na fulani, babu yao, mjomba wao, shemeji yao, mpaka msomaji aishiwe pumzi. Familia huketi kuyaandika majina hayo, ikazozana, ikayapitia mara tatu, ndipo ilete fomu kituoni. Kwa hiyo ukisikia umeachwa, usijidanganye kwamba umesahaulika. Umekataliwa, na majirani wote wamesikia.

Zamani kompyuta iliyaunganisha majina hayo moja moja. Ilichukua la kwanza, ikaongeza la pili. Likija la tatu, ilinakili upya yale mawili ndipo iongeze, na likija la mia, ilinakili tena yote tisini na tisa. Ongeza hapo kumbukumbu za matangazo ya miaka sita, ambazo nazo ziliunganishwa upya kila siku katika faili moja, uone kama msomaji hatapiga kelele kutoka studio, "Nyakerario, karatasi iko wapi?" Sasa, Nyakerario alikuwa amejifunza chuoni lugha moja ya kompyuta isiyopendwa na wengi, inayoandikwa kwa alama alama na kushika orodha nzima kwa mkupuo. Akaipa kazi. Pima urefu wa majina yote kwa pamoja, tenga nafasi moja inayoyatosha, kisha kila jina likae mahali pake mara moja tu, koma kati yake na jirani yake. Kunakili kukaisha.

Angeishia hapo, angekuwa shujaa mpaka leo. Lakini Duke, karani wa mapokezi, alikuwa na tabia ya kuchapa jina mara mbili akiwa kwenye simu, na Nyakerario akachoka kumkumbusha. Mwezi wa tatu akatia alama moja zaidi, ile inayoondoa chochote kilichojirudia katika orodha. Alama moja tu! Akacheka peke yake kwa raha. Na huyu ni Mgusii, si mgeni aliyeshuka jana. Katika ukoo wake wako akina Nyakerario watatu, wote wamepewa jina la nyanya yule yule. Alilijua hilo tangu utotoni, ila siku ile mbele ya kompyuta halikumjia.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, saa saba na nusu, Duke alichungulia mlangoni. "Madam, kuna mama hapa. Anasema hana haraka."

Mama mwenyewe alikuwa wa miaka arobaini na kitu, amevaa vizuri, kitambaa cheusi kichwani. Alisema anaitwa Kwamboka, ameolewa Sironga, na ni mtoto wa Mzee Obwocha wa Nyansiongo anayezikwa leo.

"Leo?" Nyakerario alishtuka. "Na uko hapa?"

"Ndiyo, dada. Sikuja kugombana. Nataka tu kujua ni nani alisema jina langu lisisomwe." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini mikono ilikuwa ikikunja na kukunjua ukingo wa leso. "Kaka yangu mkubwa, Nyangau, alinipigia Jumapili akaniambia mzee ametuacha. Nikamwambia nitakuja. Jumanne nikawasha redio. Mama yangu alisomwa, marehemu Esnah, mke wa pili. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na mimi sikusomwa. Nikasema basi, wameamua. Nikazima simu."

Nyakerario alifungua faili la fomu. Alikuwa bado na ujasiri wa mtu asiye na hatia. Fomu ya Mzee Obwocha ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa za mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Watoto wa nyumba ya kwanza: Nyangau, Orpah, Kwamboka, Mose, Lorna. Mstari unaofuata, watoto wa nyumba ya pili: Kwamboka.

Lo! Majina ya nyumba zote mbili yalikuwa yameungwa kuwa orodha moja, na alama yake ile aliyoichekea ikaona Kwamboka wawili, ikamtupa mmoja.

"Mama," alisema, akimsogezea fomu, "uliandikwa. Tazama hapa."

Kwamboka aliinama juu ya karatasi. "Huu ni mwandiko wa Nyangau," alisema. "Aliniandika kwa mkono wake?"

"Aliyekutoa ni mimi. Programu yangu. Ilidhani umerudiwa."

Hata hasira hakuonyesha, na hilo ndilo lililomchoma Nyakerario kuliko tusi lolote. Alisimama tu akauliza ni saa ngapi. Nyakerario alipiga namba iliyokuwa kwenye fomu, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nani husikia simu mfukoni watu wakiimba? Akachukua ile fomu, akamshika mama wa watu mkono, wakashuka ngazi mbio kutafuta pikipiki.

Njia nzima mpaka Nyansiongo Kwamboka alikaa katikati, nyuma ya dereva. Nyakerario alikuwa nyuma yake akimwomba Mungu jambo moja tu, lile kaburi liwe bado wazi, huyu binti atupe konzi yake ya udongo kwa baba yake kama watoto wenzake.

Walifika saa tisa kasoro. Viti vilikuwa vikikunjwa. Vijana watatu walikuwa wakisawazisha tuta kwa migongo ya majembe, na matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakianguka.

Nyangau, mzee wa miaka sitini, alikuja akiwa na udongo kwenye viatu. "Tulikungoja," alisema. "Kuanzia saa sita. Watu walinung'unika, mchungaji akatuonyesha mawingu, mimi nikasema hatumfukii baba yangu kabla Kwamboka wa Mama Esnah hajafika. Saa nane nikaishiwa maneno. Simu yako imezimwa. Nikawaambia watu dada yetu ametukataa."

"Redio haikunisoma, kaka."

"Ilikusoma! Sote tulisikia Kwamboka."

Nyakerario alimpa ile fomu, akaeleza kwamba Kwamboka waliyemsikia, kati ya Orpah na Mose, ni yule wa nyumba ya kwanza. Nyangau alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwangalia kama mtu anayetafuta wa kumpiga na kumkosa. Kwamboka alikuwa ameshawapita. Aliokota udongo, akasimama nao mbele ya tuta lililokwisha kufunikwa, akaona hakuna pa kuutupa. Akauweka juu taratibu, akaketi pale pale kwenye tope, na hapo ndipo alipolia.

Kesho yake asubuhi Nyakerario aliifuta ile alama. Kisha, kwa woga, akaiamuru kompyuta ilinganishe majina yote yaliyochapwa kutoka kwenye fomu tangu mwezi wa tatu na yaliyosomwa hewani. Jibu lilikuja upesi kama kawaida ya mstari wake. Akazitazama fomu zenyewe, akayatoa yale ambayo Duke aliyarudia, wakabaki watu thelathini na mmoja.

Alianza kupiga simu. Ya kwanza ilipokelewa na mwanamume wa Keroka. Nyakerario akajitambulisha, akaeleza kwamba kwenye tangazo la baba yake jina lake liliandikwa na nduguze, likatolewa kwa kosa la redio.

"Hebu subiri," yule mwanamume akasema. "Niweke simu kwa sauti ya juu. Rudia hayo polepole, mama yangu asikie."