Nyundo Aliyoikalia Athumani

Athumani wa Kitaya alikulia penye mivukuto ya baba yake mhunzi, akijua kwamba chuma hupigwa kingali moto. Huyo ndiye aliyekuja kuwa fundi wa mtambo wa barafu Mtwara, na ndiye aliyeikalia nyundo mchana kweupe, mwaka wa hamsini na nne.

Siku hiyo Mikindani kulikuwa na arusi ya dada yake Dawood, mwenye mtambo. Sharbati ilingoja barafu, na barafu haikutoka kwa sababu valvu ya bomba la baridi ilikuwa imekwama. Dawood alifika akihema, akamwamuru Saidi, msaidizi wa Athumani, aigonge. Kitu kikikwama kinagongwa, nani asiyejua?

Athumani alijua vingine. Aliwahi kuona boliti ya bomba lile lile, imevaa ukoko wa barafu, ikikatika kwa pigo dogo tu kama kopa la muhogo. Juani boliti ile ingepinda. Na ndani ya bomba mlikuwa na amonia, hewa inayounguza macho na mapafu. Akauzima mtambo, akamnyang'anya Saidi nyundo, akaiweka sakafuni na kuikalia.

"Inuka, Athumani," Dawood alisema. "Wageni wangu wanakunywa maji ya mtungi."

"Na wanywe, tajiri. Maji ya mtungi hayajaua mtu."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze. Nyundo naondoka nayo."

Hakubanduka. Bomba liliachwa lipate joto lenyewe, polepole, mpaka ukoko ukadondoka na valvu ikafunguka kwa mkono. Barafu ilifika Mikindani wageni wamekwisha kuaga.

Kwa kuwa hakikupasuka kitu, hakuna aliyeamini kwamba kingepasuka. Inaudhi, lakini ndivyo walivyo watu: ajali iliyozuiwa haina shahidi. Dawood alimnunia mwaka mzima. Mtaa wa Chuno ukamwita Mwoga, naye akaitika bila haya.

Aliyemcheka kuliko wote ni Salma, mke wa Saidi.

"Shemeji," alimwita kutoka barazani, "lile yai uliloatamia limeanguliwa?"

Athumani akamtazama Saidi, aliyekuwa kando ya mkewe akimenya muhogo, macho yake yote mawili mazima.

"Cheka, shemeji," akasema. "Kwa mwoga huenda kicheko. Kilio chako ndicho nilichokikalia."