Nusu ya Methali

Msimu ule wa kipupwe sauti iliyokuwa ikiniamsha asubuhi ni ya mtu mzima akijifunza kusema. Alikuwa juu, chumbani kwangu, na sauti yake ilipenya baina ya boriti ikanishukia mimi niliyelala chini na Mama: jino, meno, jicho, macho, jambo, mambo. Kisha hunyamaza, nikasikia karatasi ikifunuliwa, akaanza tena. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba yetu ilikuwa kisiwani, mtaa wa Malindi, nyuma ya bandari, na kila mwaka kusi likianza kuleta baridi, chuo kimoja cha lugha kilimletea Mama mwanafunzi wa kigeni akae nasi, ale chakula chetu na asikie maneno yetu. Waliotangulia walikuwa vijana wa wiki mbili tatu, wakajua "asante" na "pilipili", wakaenda zao. Huyu wa mwaka ule, Marika, alikuja kwa miezi mitatu. Akapewa chumba changu chenye dirisha la njiani, na mimi nikahamishwa na mto wangu bila kuulizwa. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikupona kitu.

Marika alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na kitu, mpole, asiyechoka. Alitembea na daftari la jalada jeusi, na neno likimpita njiani hulikimbilia kama kuku aliyetoroka. Ukimsahihisha alishukuru, na shukurani zake ndizo zilizonichosha zaidi. Mtaa mzima ulimpenda. Muuza kahawa alimpenda, mwalimu wa chuoni alimsifu, na Mama, ambaye sifa kwake zilikuwa adimu kama mvua ya Januari, hakuisha kunilinganisha naye. "Mtazame mwenzio," alikuwa akiniambia mbele yake, "kaja juzi tu, akiitwa anasema naam. Wewe nkikwita wasema nini." Marika akatabasamu na kuandika. Nilimchukia kwa moyo safi, kama watoto wanavyojua kuchukia, bila sababu nyingi na bila kupumzika.

Kitu alichokitamani kuliko vyote ni methali. Mwalimu wake alimtaka kila siku atumie moja katika mazungumzo ya kweli, kisha aandike alijibiwa nini. Tatizo lilikuwa kwamba kwetu watu wanaojuana hawapeani methali nzima. Mmoja hutoa nusu, mwenzake akamalizia. Ukimpa mtu yote kutoka kichwa hadi mkia umemfanya mtoto au mgeni. Mama na Bi Zuhura, jirani yetu wa dirisha kwa dirisha, waliishi hivyo kutwa. Mmoja anatwanga, mwingine anaanika nguo, na juu ya uchochoro nusu zinapita: "Haba na haba," anasema huyu, na yule, bila hata kuinua uso, "hujaza kibaba." Walikuwa pamoja tangu chuo cha Kurani. Bi Zuhura alipougua baada ya kujifungua, Mama ndiye aliyemnyonyesha mwanawe Nassor, kwa hiyo Nassor alikuwa kaka yangu wa ziwa, akiniletea ubuyu na kunivuta nywele kama kaka wa kweli. Marika aliwasikiliza wale wawili mdomo wazi. Yeye akitoa methali yake aliitoa nzima, wanawake wakacheka na kumpongeza, naye alijua kwamba pongezi zile zilikuwa mlango wa kumfungia nje.

Nassor alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja Uroa, akanunua pikipiki kinyume na matakwa ya mamake. Mwaka mzima Bi Zuhura alimsihi, akalia, akamwekea nadhiri, akamwambia panda gari kama wenzio. Alhamisi moja, mvua ya rasharasha, akateleza njiani, na habari zikafika Malindi kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa jikoni na Mama. Alisimama na kisu mkononi, vitunguu nusu vimekatwa, akasema kwa sauti ya chini kama anayezungumza na chungu, "Kaambiwa, kaambiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Halafu kisu kikamtoka, akapiga ukelele ambao sijausikia tena, akachukua buibui lake na kutoka mbio bila viatu. Nani asiyesema neno baya katika dakika ya kwanza ya msiba? Nadhani hata yeye mwenyewe hakujisikia akisema. Lakini mimi nilisikia.

Siku ya tatu Marika alinijia ngazini na daftari lake. Alikuwa ameshajifunza "makiwa", neno la kumpa pole mfiwa, na jibu lake, lakini hilo kila mtu angelisema, na yeye alimpenda Bi Zuhura, alitaka kumpa neno lenye uzito. Akaniuliza kwetu hutumiwa methali gani kumliwaza mama aliyefiwa. Sikufikiri hata kidogo. Nikampa ile. Akaandika, akatazama, akauliza mbona kuna mguu ndani yake. Nikamwambia methali haifasiriwi neno kwa neno, hata mwalimu wako hakukwambia? Maana yake, nikasema, mama ametimiza wajibu wake, hana lawama. Kisha nikaongeza sumu ya mwisho: usiiseme yote, toa nusu umwachie amalizie, ndivyo wanavyofanya wanaopendana. Akanibusu kichwani. Nilichotaka mimi ni wanawake wamcheke, si kile kicheko cha pongezi, na Mama aone kwamba mwanafunzi wake bora ni mjinga. Bi Zuhura sikumfikiria. Nimejitafutia udhuru kwa miaka mingi, na ukweli unabaki huo, kwamba sikumfikiria.

Ukumbi wa Bi Zuhura ulijaa. Yeye alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na wanawake waliingia mmoja mmoja kumpa mkono. "Makiwa." "Tunayo." Marika, ndani ya buibui la Mama lililomfika nusu ya miundi, alipiga magoti, akaushika mkono wake kwa mikono miwili na kusema makiwa vizuri kabisa. Lakini hakuondoka. "Bi Zuhura," akasema taratibu, "asiyesikia la mkuu..." Akangoja, kichwa kimeinama upande, uso umejaa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli.

"Huvunjika guu," akajibu Bi Zuhura.

Alijibu papo hapo, kama alivyozoea kumjibu mama yangu miaka yote ile, mdomo umeutangulia moyo. Halafu nikaona maneno yanamfika. Waliokuwa wakisoma Kurani pembeni wakakatisha. Nyuma yangu mwanamke mmoja alicheka puani, na hadi leo nikipishana naye sokoni simpi mkono, kana kwamba mimi ndiye mwenye haki hiyo. Bi Zuhura aliutoa mkono wake mikononi mwa Marika bila kumtazama. Alimtazama Mama, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe.

"Huyu mgeni wa watu kaja juzi, hana kosa," akasema. "Mgeni husema alosikia. Haya kayasikia wapi, Asha, kama si nyumbani kwako?"

Uongo mmoja ungetosha. Mama angeweza kuapa, au kusema mgeni kasoma kitabuni. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na ningeweza kusema ni mimi, nikapigwa, mambo yakaisha. Nikatazama mkeka. Na Mama hakuweza kuapa mbele ya msahafu kwa sababu alijua alichokisema jikoni. Aliweka sinia chini. "Zuhura," alisema tu.

"Nenda kwako," akaambiwa.

Nyumbani Mama alimwuliza Marika nani kamfundisha. Marika, ambaye kwa nyuso za wanawake alikuwa ameshaelewa yote, alinitazama, akasema kwa Kiswahili chake safi kwamba alisoma kitabuni. Mama akanigeukia mimi. Nilingoja kofi, na hakulileta. Atampigaje mtoto kwa neno alilolitoa kinywani mwake mwenyewe? Baada ya siku mbili Marika alihamishiwa nyumba nyingine. Siku mbili hizo hakusema nasi ila Kiingereza. Nikarudishiwa chumba changu, na usiku wa kwanza nililala vizuri. Mama alipeleka chakula ng'ambo ya uchochoro hadi arubaini ilipopita, na kila siku bakuli lilirudi lilivyokwenda, limefunikwa. Dirisha la Bi Zuhura lilifungwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini Mama hakujikwaa ulimi wake. Alikwazwa na wangu.

Leo mimi ndiye mwalimu. Nawafundisha wageni Kiswahili katika mji huu huu, na wanafunzi wangu wana simu zinazowapa maana ya methali yoyote kabla sijakohoa. Maana wanaipata. Nawakataza kumwambia mtu methali mpaka wakae nasi miezi sita, nao husema kwamba mwalimu huyu mkali. Nyumba ya Bi Zuhura sasa ni ya wageni, ina bustani ya maua juu ya paa, na yeye anakaa Fumba kwa binti yake, katika nyumba mpya ambazo madirisha yake hayatazamani. Mwaka jana nilimuaga Mama nikaenda. Nilimkuta barazani, jicho moja halioni. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, kuanzia ngazini.

"Nlijua tokea siku ile," akasema. "Yule mgeni alikutazama kabla ya kusema. Wewe sina neno nawe, mwanangu. Mtoto haokoti asichokikuta."

Akanipa chai na mkate wa ufuta. Aliniuliza wanangu wangapi, kazi yangu ikoje, hata Marika yuko wapi, nami sikujua. Nilikawia kuvaa viatu mlangoni, nikafunga kamba, nikafungua, nikafunga tena, nikingoja aulize jambo moja. Hakuuliza.

Niliporudi Malindi, Mama alikuwa amekaa kitandani akiuelekea mlango, amevaa kanga mpya.

"Hajambo?"

"Hajambo, Mama."

"Kanisalimu?"

Kazi yangu ni kuwalisha watu maneno. Salamu moja ingetosha, na yule wa Fumba asingejua maisha yake yote. Nikamwambia hapana. Akasema, "Haya," akaniuliza kama maji yake ya kuoga yameshachemka.