Bismillahi Juu ya Fomu ya Bei

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu kalamu na akamfundisha asichokijua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Namshukuru kwa macho haya ambayo bado yanasoma, na namwomba anizuie nisiongeze wala nisipunguze neno katika ninayoyasimulia.

Nilikuwa na duka la daftari na fotokopi Kasulu mjini, na kila alasiri nilifundisha watoto madrasa nyuma ya msikiti. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Binti yangu, kitindamimba, alisomea kompyuta Dar es Salaam kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake, jambo ambalo watoto wangu wengine hawakulifanya. Tukasajili kampuni. Mimi niliandikwa mkurugenzi kwa kuwa nilijulikana mjini, lakini kazi yote ilikuwa yake.

Kakonko ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa wilaya. Ikatangazwa gazetini zabuni ya serikali ya kufunga mtandao wa kompyuta katika ofisi zake wilayani Kasulu, Kibondo na Kakonko, na kuutunza kwa miaka mitatu. Binti yangu alikuja na gazeti lile hadi kwenye meza yangu.

"Baba, kuna watu Dar wamenipa kazi, wananisubiri mpaka mwezi wa sita uishe. Tukipata hii nabaki na wewe. Tukikosa, naondoka."

"Inshallah utabaki," nikamwambia.

"Inshallah. Ila na sisi tusikosee."

Hakukosea yeye. Alipanda pikipiki na futi ya fundi seremala, akapima ofisi moja moja, Kitahana mpaka Kasanda, akarudi na vumbi jekundu kichwani hata ushungi ukabadilika rangi. Ofisi ya Titye haikuwa na dari, na popo walikuwa wamejaa kwenye kenchi za paa. Akaandika na hilo: waya upite ukutani, ndani ya bomba. Wanaume ofisini walimuuliza fundi yuko wapi. Aliwajibu, "Mmeshamkaribisha chai."

Wiki ya mwisho tulichapa. Kurasa mia na arobaini kwa Kiingereza, nakala halisi moja na vivuli viwili, kila ukurasa muhuri wa kampuni na saini yangu. Alinisomea masharti, na lile la marekebisho akalirudia mara mbili: chochote kitakachoongezwa kwa mkono lazima kitiwe saini pembeni yake, na nakala zote zilingane.

"Kwa hiyo, Baba, usiongeze hata nukta."

Nikaitika. Akatoka kwenda kutafuta lakiri ya kufungia bahasha. Nilibaki na nakala halisi mbele yangu, imefunguka kwenye fomu ya bei. Katika maisha yangu sijapata kuanza karatasi yoyote, iwe risiti, barua ya posa au orodha ya sukari ya futari, bila kuweka jina la Mola wangu juu yake. Nikachukua kalamu ya wino mweusi na kuandika Bismillahi yote kwa Kiarabu, kwa mwandiko mzuri kabisa, juu ya bei yetu. Kisha nikafunga kitabu. Aliporudi akakitia kwenye bahasha.

Bahasha zilifunguliwa Kibondo, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa mikutano, mbele ya waombaji wote. Binti yangu alibaki Kasulu kuangalia duka. Tulikuwa kampuni nne. Kwenye meza ya kamati alikaa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimshika mkono akiwa na miaka sita nikamwonyesha alifu, na hakuondoka kwangu mpaka alipohitimisha msahafu. Aliniona, akainamisha kichwa. Nilifurahi.

Bei yetu ilisomwa, nayo ilikuwa ya chini kuliko zote. Kisha mwenyekiti akaigeuza karatasi huku na huku.

"Mzee, hapa juu umeandika nini?"

"Ni jina la Mungu, mheshimiwa."

"Tutajuaje? Pengine ni punguzo la bei."

Ukumbi ukacheka. Mwakilishi wa kampuni ya Dar, kijana wa suti, akasema kwa sauti, "Sisi tumeleta dhamana ya benki, dingi kaleta dhamana ya mbinguni!" Wakacheka tena, na karani naye akacheka huku akiandika.

Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Kuna anayesoma Kiarabu hapa?"

Nilimtazama mwanafunzi wangu. Aliichukua karatasi, akaitazama muda mrefu, kisha akaisukuma mbele kwa mtu wa pili.

"Mimi siwezi kuisoma," alisema.

Nilimkuta barazani watu walipokuwa wakitawanyika.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Mwanangu, huwezi kusoma Bismillahi?"

"Ningeisoma wangeuliza nimesomea wapi. Ningesema kwako. Tangu hapo kila neno langu lingekuwa la kukubeba." Akatazama viatu vyake. "Na wewe, Maalim, uliandika ya nini? Hii ni serikali."

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Zabuni yetu imekataliwa: fomu ya bei ina maandishi ya mkono yasiyotiwa saini pembeni yake, hayamo katika vivuli, yako katika lugha isiyo ya zabuni, na kamati imeshindwa kuthibitisha kwamba hayabadilishi bei. Binti yangu aliisoma amesimama kando ya mashine ya fotokopi. Siku zote hizo sikuwa nimemwambia. Woga wangu niliuita subira.

"Uliandika lini?"

"Ulipokwenda kutafuta lakiri."

"Nilikwambia hata nukta."

"Sikuihesabu kuwa ni maandishi, mwanangu."

"Kwani Mungu asingeiona mpaka umwandikie?"

Nimesoma vitabu vya dini tangu utoto, nimewajibu watu wengi maswali yao. Yeye nilimpokea tu barua mkononi, nikaikunja.

Aliondoka wiki ile ile. Stendi nilisimama mlangoni mwa basi, nikainua mikono nimwombee safari kama nilivyowaombea wote walioondoka kwangu. Akanishusha mikono kwa mikono yake miwili, taratibu.

"Soma moyoni, Baba. Watu wanatazama."

Akapanda. Alikaa upande wa pili, dirisha ambalo sikuweza kuliona.

Mafundi wa kampuni iliyoshinda walipokuja walileta ramani zao dukani kwangu, kwa kuwa mashine yangu ndiyo iliyokuwa nzima. Ramani ya Titye walikuwa wamekosea mlango, na waya wameupitisha darini. Niliwaambia dari haipo. Wakanishukuru, wakauliza nimejuaje. Nikasema kuna fundi alipima. Wakataka namba yake ya simu, wamwajiri kibarua.

Ninamshukuru Mungu kwa alichonipa na kwa alichoniondolea. Binti yangu ni mzima na kazi yake ni ya halali. Nawe uliyenisoma, Mwenyezi Mungu akuwekee watoto wako karibu, aulainishe moyo wao kwako na wako kwao, na akusamehe kabla hujaomba. Amina.