Chungwa la Shaba

Juzi simu ilinikuta jikoni, nimekaa na ungo wa mchele. Alikuwa mjukuu wangu Rukia, anapiga kutoka Erdington, kule Birmingham, Uingereza, alikozaliwa. Salamu hazijakaa sawa, ananiuliza, "Bibi, shaba inasuguliwa kwa ndimu au kwa ukwaju?"

Nikamwambia, "Ukwaju, mwanangu. Ndimu ukichelewa kuisuuza huacha madoa."

Akashukuru, akakata. Nikabaki na mchele wangu mapajani, mkono hauchambui tena. Maana swali lile, mwenzangu, lilinirudisha chumbani kwa bibi yangu, Bi Mwanakhamis, mtaa wa Mkunazini, Unguja, mimi kigoli wa kutumwa dukani.

Bibi alikuwa na kitanda cha besera, cha chuma chenye nguzo za chandarua, kirefu hata tukipanda kwa kigoda. Kwenye pembe zake nne palikaa vichwa vya shaba, mviringo, vinang'aa, sisi watoto tukiviita machungwa. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri tulikaa mimi na binamu yangu Asha, tukaloweka ukwaju, tukachanganya na majivu ya makumbi ya nazi, tukasugua. Vidole vinakuwa vyeusi, nyumba nzima inanuka uchachu, na kitanda kinalia nyii, nyii, kila tukikiegemea. Jioni Bibi anawasha udi, anakuja kukagua. Aliyesugua vizuri anaambiwa afumbe macho, kisha anasikia shaba ikizungushwa. Machungwa yale, ukiyazungusha, yanatoka, na ndani mna uwazi. Humo Bibi alificha peremende.

"Shaba haizeeki," alikuwa akisema, "huzeeka mkono unaoisugua." Tukimuuliza kitanda kimetoka wapi, anajibu, "Birmingham. Ndiko vitanda vinakozaliwa." Nikalala miaka yote ile naamini uko mji wa vitanda vitupu, watu wake wanashinda wamelala.

Bibi alipofariki, Ami Masoud alikiuza kitanda kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Kabla hakijabebwa nikamwomba chungwa moja. Akasema, "Chukua, mwanangu, na hao wanunuzi hawatakosa kichwa cha kuweka hapo." Nikalitia kabatini, katikati ya kanga zangu.

Sasa nisikilize. Miaka ile ya elfu mbili, binti yangu Zuhura akanitumia tiketi nikamtembelee. Alikuwa akikaa Lozells, nyumba zimeshikana bega kwa bega, duka la bamia na mihogo hatua mbili kutoka mlangoni, adhana haiko mbali. Jirani yake, Mama Hodan, Msomali aliyekulia Mombasa, alinipokea kwa chai ya maziwa na Kiswahili kitamu kama cha kwetu. Kila kitu kilinipendeza, ila kimoja kilinikaa kooni. Rukia, wakati huo mtoto wa skuli, alinifahamu nikisema, lakini hanijibu ila kwa Kiingereza. Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, na skuli kidogo sana, Kiingereza sikijui. Namwambia, "Njoo nikusuke," anakuja. Namuuliza, "Umeota nini?" ananijibu, na mama yake yupo kazini, hapana wa kunifasiria. Siku zinakwisha, nami naogopa kurudi kwetu bila neno hata moja la mtoto yule.

Zuhura alipopata mapumziko akatutembeza mjini, mimi, Rukia na mdogo wake, kichanga Salim, ndani ya kigari chake. Ule mji nimeupenda, sitaki kukuficha. Ndani ya basi kila anayeshuka anamshukuru dereva, mzee kwa kijana. Mbele ya soko amesimama fahali mkubwa wa shaba, watu wanampapasa pua wakipita, nami nikampapasa, nikasema, naam, nimefika kwa wenye shaba yao. Tukatembea kando ya mifereji, maji yametulia, mashua nyembamba zimechorwa maua, na majengo ya matofali mekundu yamesimama wima, masizi ya zamani bado yapo, kama wazee waliofanya kazi ngumu na hawaoni haya nayo.

Mwisho tukaingia kwenye nyumba za wafanyakazi wa zamani, zilizohifadhiwa watu waone walivyoishi. Ngazi nyembamba, kigari hakipiti, Zuhura akabaki chini. Tukapanda mimi na Rukia. Nikasukuma mlango, nikasimama. Kitanda! Chuma kile kile, machungwa manne pembeni.

Mwenzangu, hata sikuiona kamba iliyowekwa kuzuia watu. Nilishtukia nimeshalikamata chungwa, nazungusha.

"Bibi, wacha!" Rukia akanivuta buibui. "Usiguse! Watatufukuza!"

Kiswahili! Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa la kunikaripia, nami nikalipokea kama tunu.

Mlinzi wa nyumba akaingia, mzee mwembamba mwenye miwani, Bwana Keni. Akasema maneno, uso umekunjamana. Rukia akanitazama, akatazama ngazi, mama yake hayupo. Ikabidi yeye.

"Anauliza... bibi anatafuta nini hapo?"

"Mwambie natafuta peremende."

"Bibi!"

"Mwambie tu."

Akamwambia, masikio yamemwiva. Bwana Keni akacheka hata akashika ukuta. Akazungumza, na Rukia akanifasiria, anachukua neno hili, anaangusha lile: mama yake mzee yule alikuwa akifanya kazi kiwandani, kutengeneza vitanda vya namna hii, na kwao alificha sigara ndani ya chungwa, mume wake asizione. Viwanda vyenyewe, alisema, vimeshafungwa. Kisha akaruka kamba, akalizungusha chungwa kwa mkono wake, akanipa. Ndani mlikuwa na vumbi. Nikanusa. Harufu ile ile ya Alhamisi.

Kwenye basi la kurudi Lozells, Rukia akaja kukaa karibu yangu, akamwacha mama yake na Salim, nami nikamsimulia zile Alhamisi zetu, mimi na Asha.

"Bibi, peremende rangi gani?"

"Nyekundu, zina mistari."

"Asha yeye alipata mingi?"

"Asha alikuwa hodari wa kusugua kuliko mimi."

"Mimi nitashinda Asha," akasema.

Mpaka tunashuka hakunyamaza. Niliporudi Unguja, nikalifunga lile chungwa langu kwa kitambaa, nikampa msafiri ampelekee.

Leo nyumba ya Mkunazini ni hoteli. Asha katangulia mbele ya haki. Kitanda sijui kiko nchi gani, nani amekilalia. Na magoti yangu hayawezi tena ngazi za ndege. Lakini jana Rukia amenitumia picha kwenye simu. Chungwa liko dirishani kwake, linang'aa kama siku Bi Mwanakhamis alipokuwa akikagua, na nyuma yake paa za matofali na mvua ya Birmingham.

Nikampigia. "Umeweka nini ndani?"

"Siwezi kukwambia, Bibi. Njoo uzungushe mwenyewe."

Nimeitazama tena asubuhi hii, nimeisogeza karibu na macho. Pembeni ya picha vimejitokeza vidole vyake viwili, vyeusi kwa ukwaju.