Simu Ndooni, Mikono Kwenye Chai

Umande ungali juu ya michai, na Drusilla Nyamusi hajagusa jani hata moja. Amesimama mwanzo wa shamba la mzee Johana, nje kidogo ya mji wa Litein, aproni ya nailoni kiunoni na kikapu mgongoni. Mbele yake kuna ndoo nyeupe iliyowahi kubeba rangi ya nyumba. Wachumaji saba wa kikundi anachokiongoza wanapita mmoja mmoja, na kila mmoja anatumbukiza simu yake humo.

"Na ile ingine, Benard," Drusilla anasema, hata hamtazami.

"Ile ingine gani, mama?"

"Ile iko kwa soksi."

Wanacheka wote. Benard Kipchoge, baba wa watoto watatu, anainama, anavua buti na kuitoa.

Kofia zinavuliwa. Drusilla anaomba kwa maneno machache, wanaitikia amina, na wanaingia mistarini. Ndoo inabaki na Rodah, mama mkongwe ambaye wote wanamwita kogo, yaani bibi. Goti lilimtoa Rodah kwenye kuchuma. Sasa kazi yake ni kuketi kwenye kigoda kando ya shamba na kupokea simu za watu wanane.

Haichukui muda kabla ya moja kulia.

"Anachuma," kogo anajibu. "Kuna mgonjwa? Hakuna. Kuna msiba? Hakuna. Basi piga wakati wa uji."

Anaikata na kuirudisha ndooni.

Leo, hata hivyo, kuna simu moja ambayo kikundi kizima kinaingoja. Chelangat, mwenye shamba kubwa la chai ng'ambo ya mto, aliahidi kupiga wiki hii kusema kama atawapa kazi. Shamba lake lingewashughulisha mwaka mzima. La mzee Johana ni dogo, na kwa karibu mwaka sasa ndilo pekee lililokubali kuwapokea.

Sababu yake inajulikana na kila mtu Litein.

Drusilla, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni binti wa wazazi waliotoka Kisii kuja kuchuma chai. Alijifunza akiwa msichana: majani mawili na chipukizi, basi, mengine yabaki mtini. Anasema hajawahi kuona kitu kikiharibu mikono ya wachumaji kama simu za kupangusa.

"Tulikuwa tunageuza kikapu kije hapa mbele, tunaziegemeza ndani, ndio uone video ukichuma," anaeleza. "Mimi nilikuwa naanza na mahubiri asubuhi. Kabla ya uji niko kwa harusi ya watu hata siwajui. Mkono unachuma, lakini jicho limeenda harusi."

Mkono usio na jicho huchukua chochote: majani magumu, vijiti, hata magugu. Mtu aliyezoea kuchuma kilo arobaini alikuwa anashuka hadi ishirini na tano, na hizo si safi.

Kisha ikaja siku ya gunia. Benard alikuwa akitazama mpira. Majani yakaifunika simu, naye akadhani ameitia mfukoni. Kikapu kikamwagwa guniani, gunia likapelekwa kituo cha kupimia majani. Lilipopandishwa kwenye mizani, likaanza kuimba wimbo wa kanisani.

"Karani akaniuliza, 'Mama, leo mmeleta kwaya?'" Drusilla anakumbuka. "Watu walicheka. Wanakamati wa kituo hawakucheka."

Gunia lilimwagwa chini mbele ya wakulima wote. Simu ilipatikana, na pamoja nayo yale majani magumu na vijiti. Majani yote ya kikundi yalikataliwa siku hiyo, na mwenye shamba walilochuma wakati huo akawaambia wasirudi.

Wengine walitaka Benard afukuzwe. Drusilla alikataa.

"Nikifukuza huyu, kesho nafukuza nani? Sisi wote tulikuwa nazo. Yake tu ndiyo iliimba."

Kwanza aliagiza simu ziachwe nyumbani. Sheria hiyo haikudumu. Marcella, mmoja wao, ana mama mgonjwa, naye alichuma akiwa na hofu, akilitazama lango kila mara. Hapo ndipo Drusilla alipomkumbuka kogo Rodah, akampa ndoo azilinde simu. Kila mchumaji humkatia pesa kidogo mwisho wa mwezi. Mama yake Marcella alipozidiwa, kogo alipiga kelele shamba zima likasikia, na Marcella akawahi nyumbani, akamkuta mama bado anaongea.

"Hapo nikajua hii ndoo ni ya Mungu," Drusilla anasema. Sasa yeye mwenyewe hakosi kilo hamsini siku ya majani mengi. Tangu ndoo ianze, kituo hakijawarudishia hata gunia moja.

Jua limepanda kidogo simu inapolia tena. Ni ya Drusilla.

"Anachuma. Kuna mgonjwa?" Kogo anasikiliza. "Chelangat gani? Mwenye shamba? Hata ungekuwa mwenye Kericho yote, mama, nakuuliza kama kuna mgonjwa. Hakuna? Basi wakati wa uji."

Anakata.

"Dada, kimbia!" Marcella anaita kwa hofu. "Ni yeye!"

"Nimesikia."

"Sasa atatafuta wengine!"

Drusilla anachuma chipukizi lingine. Vidole vyake havisimami. "Benard alitoa yake kwa soksi," anasema. "Mimi ni nani nitoke?"

Uji unapofika, wote wanamzunguka. Anapiga, anaweka simu kwa sauti ya juu ili wasikie.

"Huyo mama alinikatia simu ni nani?" Chelangat anauliza.

"Ni kogo wetu. Utusamehe."

"Nisamehe nini? Mimi kwangu wachumaji wanashinda kwa simu kama watoto wa shule. Kama nyinyi mnaweza kuniambia mimi ningoje, majani yangu yatakuwa salama. Kujeni Jumatatu. Na huyo kogo mje naye."

Benard anavua kofia. Drusilla anafunga macho, ananong'ona sala, kisha anayafungua.

Anatarajia mwaka ujao kikundi kiwe cha watu kumi na watano, Mungu akijalia, na tayari wachumaji wa eneo la Sigowet wamemwomba aende kuwafundisha. Lakini kwanza anairudisha simu ndooni, uji haujaisha.

"Kogo," anasema, "Jumatatu uvae buti. Ile shamba iko na matope."